Karen, skauti ama kashamba? Niko na mpaka Ijumaa kulipa

MamaWawili_Wendani (Jumatatu usiku)

Wazazi wenzangu hamjambo. Nasomeshea watoto nyumbani, huu ni mwaka wa pili, mambo ya vitabu tunaenda nayo vizuri tu lakini ya nje ndio yamenishinda. Ikifika saa tano asubuhi tumemaliza hesabu na Kiswahili, wananiangalia na mimi nawaangalia. Juzi huyu mkubwa ameniuliza eti viazi huvunwa na ngazi ama mtu hupanda tu mti, nikajua hapa kuna kazi sijafanya. Nataka kitu cha kushika na mikono, kila wiki, si ile ya kupanda gari kwenda kuangalia twiga alafu turudi nyumbani tulale.

Nimebaki na vitu vitatu. Kuna programu huko Karen watoto wanashinda msituni Jumanne na Alhamisi, 18,000 kwa muhula kila mtoto, na wanataka nusu kabla ya Ijumaa ama nafasi iende kwa mwingine. Alafu kuna skauti, kanisa moja hapa karibu wanakutana Jumamosi asubuhi, hio ni karibu bure. Ama mwenye ploti ana kipande nyuma ya nyumba, futi 20 kwa 30 hivi, kimejaa nyasi na mawe yaliyobaki ya ujenzi, amesema nikitaka kulima nilime. Mngekuwa mimi mngefanya aje? Haraka tafadhali, Ijumaa si mbali.

Otis_Donholm

Umri wao? Uko na gari ama ni matatu? Hio 18,000 iko ama ni ya kukopa? Na Wendani ni ile ya Thika Road? Ukileta nusu swali utapata nusu jibu.

NyambuRongai

Usilipe mtu 18,000 akupelekee mtoto msituni, msitu uko hapo. Mimi wangu watatu tuko Karura kila Jumatano tangu mwaka jana, unalipa kiingilio kwa eCitizen ukiwa bado nyumbani, unabeba chapati na chai, mnaingia asubuhi mnatoka saa nane. Ni zaidi ya hekta 1,000, hamwezi kuimaliza. Kuna maporomoko, kuna mapango yale ya Mau Mau, kuna mto wa kuchezea mawe. Sisi hatuendi kutembea kilomita, tunachagua mahali pamoja tunakaa. Mwezi mzima tulikuwa tunarudi kwa gogo moja tu limeanguka, wiki ya kwanza watoto walichoka baada ya dakika kumi, wiki ya tatu nikashindwa kuwatoa hapo. Walipata uyoga mweupe mdogo kama vifungo vya shati, tukarudi ukawa umekuwa mweusi, wiki ingine haupo kabisa. Yule wa miaka tisa alichora zote kwa daftari bila kuambiwa na mtu.

Kitu kimoja tu: msibebe maji ya chupa za plastiki zile za kutupa, zilipigwa marufuku misituni na mbugani tangu Juni 2020 na mnaweza kurudishwa getini. Na kima wa pale chapati wanaijua kuliko wewe, usiiweke chini.

Kevo_wa_Baiske

Karura + baiskeli. Kwisha. Za kukodi ziko hapo ndani.

Mwalimu_K

Mama, kwa heshima, swali lako la kwanza lingekuwa kwa nini watoto hawako shuleni ambapo haya yote yapo, lakini sitaki kuanzisha vita leo. Katika hayo matatu mimi nasema skauti, na nakiri mapema kwamba mimi mwenyewe ni kiongozi wa skauti kwa hivyo chukua maneno yangu na chumvi yake. Hapa Kenya tumegawanya kwa umri, wadogo wanaitwa Sungura, wakikua kidogo ni Chipukizi, wale wa sekondari ni Mwamba na vijana ni Jasiri. Mtoto anafundishwa fundo, na si fundo la kuonyesha mama, ni fundo la kushikilia tenti usiku mvua ikinyesha. Anafundishwa kuwasha moto kwa kuni mbichi. Anaosha sufuria yake mwenyewe na jivu. Tukipata nafasi tunawapeleka Rowallan pale karibu na Jamhuri wanalala kambini na asubuhi hakuna anayemuuliza mwenzake sinki liko wapi.

Hiyo programu ya 18,000, wanauza matope. Matope yako bure.

Otis_Donholm

"sitaki kuanzisha vita leo" 😂😂 mwalimu umeanzisha tayari

BabaTash

Mama Wendani kabla hujatuma hio pesa nisikize mimi kwanza, hii stori ni ndefu lakini nivumilie.

Likizo ya Aprili tulilipia Tash kampi ya siku tano, sitataja jina na msiniulize hata kwa inbox. Kwa tangazo waliandika kupanda mboga, kuvua samaki, kujenga kibanda cha miti, kupika nje. Picha zilikuwa tamu sana, watoto wamepakwa matope mpaka kwa nyusi wanacheka. Nikasema hii ndio nilikuwa natafuta, nikalipa zote mara moja hata sikuomba kuenda kuona mahali, hapo ndio kosa langu lilikuwa na nalikubali.

Siku ya kwanza nimempeleka nikakuta watoto kama arobaini na walimu watatu, mmoja kati yao ndiye pia alikuwa anapika. Nikajiambia ni siku ya kwanza. Siku ya pili mvua ikaja, ile ya Aprili unajua, wakawekwa kwa ukumbi na katuni tangu asubuhi mpaka saa tisa. Sawa, mvua si ya mtu. Siku ya tatu ndio ilikuwa ya samaki. Tash amerudi nyumbani na picha imechapishwa ameshika ndoano na ngege mkubwa ananing'inia, mama yake akafurahi akaibandika kwa friji. Usiku tunakula, mtoto anasema baba yule samaki alikuwa baridi sana. Baridi aje? Baridi kama barafu. Namuuliza nani alimvua, anasema hakuna, mwalimu alimtoa kwa mfuko akamfunga kwa ndoano, tukapanga laini kila mtu akapigwa picha na yeye. Samaki mmoja. Watoto arobaini. Kisima cha samaki kilikuwa hakina hata maji, waliweka ukindu pembeni usionekane kwa picha.

Siku ya nne sasa, jua limetoka, wakawatoa nje kuvutana kamba, na mvua ikishanyesha siafu wanahama kila mtu anajua hio, sijui ni nani aliwapanga juu ya njia ya siafu. Tash aliumwa mpaka kwa nywele. Siafu hauwezi kumpangusa, anauma kichwa kikibaki, lazima umtoe mmoja mmoja. Unajua walifanya nini? Walimmwagia maji na ndoo. Nimefika saa kumi nimekuta amekaa kwa ngazi na kiatu kimoja, kingine hakuna anayejua kiko wapi mpaka leo. Siku ya tano hatukurudi na pesa haikurudi.

Sisemi hio ya Karen ni kama hio. Nasema nenda uone na macho yako siku ya kawaida, si siku wamekuandalia, na uulize mvua ikinyesha mnafanya nini. Hilo swali moja litakuambia kila kitu.

NyambuRongai

Samaki mmoja watoto arobaini 😭😭😭 nimecheka mpaka mtoto amekuja kuniangalia. Pole Baba Tash aki. Pole kwa Tash.

Bi_Mkunazini

Jamani pole sana baba. Lakini na nyie watu wa bara, ukindu unautoa wapi Limuru? 😄 Ukindu ni wa kusukia mikeka. Hayo waliyoweka pembeni ni mafunjo hayo.

BabaTash

Sijasema Limuru mimi.

Bi_Mkunazini

Haya hujasema. Mimi ni mtu wa Mombasa naishi South B mwaka wa kumi na mbili sasa, na neno langu ni moja, wafundishe watoto kuogelea kwanza, mengine yote baadaye. Mnawapeleka mitoni, mnawapeleka kwenye maporomoko, kuna hata mmoja anayejua kuelea? Sisi tulijifunza tukiwa wadogo, kaka anakutupa majini anakuambia rudi. Sikwambii uwatupe. Lakini mto wa Nairobi mvua ikinyesha juu huko Kiambu hukupi taarifa, unashtukia maji yamepanda. Nyambu mwanangu unaposema watoto wanachezea mawe mtoni, moyo wangu unaruka.

NyambuRongai

Bi, maji yenyewe hayafiki goti na tukiona mawingu tunatoka. Lakini nimesikia.

ShoshWaKinoo

Watoto wangu, nimesoma yote. Huyu mama ameuliza kama viazi viko juu ya mti na nyinyi mnampeleka kuogelea na baiskeli. Mtoto ambaye hajui kiazi kiko wapi mpe jembe. Hicho kipande cha nyuma ya nyumba ni baraka na iko mlangoni, hakuna nauli.

Na usianze na futi 20 kwa 30, utavunjika mgongo na watoto watakimbia. Anza na magunia mawili, kila mtoto lake, wasichanganye. Tafuta gunia la kilo 90, la kusukwa, si la nailoni laini hilo jua linalimaliza. Changanya mchanga na samadi iliyooza vizuri, ikiwa bado moto itachoma miche. Sasa hapa ndio watoto hupenda. Chukua mkebe wa Kimbo mkubwa, kata chini uwe wazi pande zote mbili. Usimamishe katikati ya gunia, ujaze kokoto ndani ya mkebe na mchanga kuuzunguka, alafu uvute mkebe juu polepole, kokoto zinabaki zimesimama kama nguzo. Unajaza tena, unavuta tena, mpaka juu. Hio nguzo ndio barabara ya maji, bila hio maji yanabaki juu na chini panakauka. Wajukuu wangu walipigania kuvuta mkebe mpaka nikawapangia zamu.

Ukimaliza toboa mashimo kwa pande na kisu, mtu mzima ndio ashike kisu, muingize miche ya sukuma, juu mpande vitunguu ama dania. Mwezi na nusu hivi wanaanza kuchuma majani ya chini. Wakiona vidukari waoshe na maji ya sabuni ya kipande, si kukimbia duka kununua dawa. Na viazi mpande kwa ndoo mbovu, siku ya kuvuna mnaipindua yote chini. Huyo mkubwa atajua viazi viko wapi na hatasahau mpaka azeeke.

Otis_Donholm

Shosh umemaliza thread. Lakini maji? Wendani mifereji yenyewe inakauka siku mbili tatu kwa wiki.

ShoshWaKinoo

Maji ya kuosha mchele na ya kuosha mboga yanatosha gunia mbili. Usitumie ya nguo yale ya omo nyingi.

Mwalimu_K

Yote hayo ni mazuri na yako ndani ya mtaala. Kilimo kiko. Kwa nini mzazi aumie akitafuta kimoja kimoja wakati shule ya umma ya karibu ina kila kitu? Na tusijifanye hatujui sheria. Katiba kifungu cha 53 kinasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeweka jukumu hilo kwa mzazi.

NyambuRongai

Mwalimu umesema "elimu" ni lazima. Elimu. Wangu wanaipata.

Mwalimu_K

Soma sheria yote dadangu, imetaja shule.

Kevo_wa_Baiske

hiyo shule ina kila kitu iko wapi nipeleke wangu? ya kwetu uwanja ulijengwa madarasa ukaisha, watoto wanacheza kwa korido

Mwalimu_K

Hapo nakubaliana na wewe, na hilo linaniuma kuliko wewe.

Otis_Donholm

Na watoto sitini kwa mwalimu mmoja, nani atavuta huo mkebe wa Shosh

Msimamizi

Habari ya sheria ina uzi wake na ulifungwa mara mbili. Turudi kwa mama, ameuliza kuhusu shughuli za nje.

MamaWawili_Wendani (Jumanne asubuhi)

Jamani nimeamka nimepata majibu yote haya, asanteni. Shosh nimesoma kwa sauti na watoto wakisikiza, sasa wanatafuta mkebe wa Kimbo na sisi hutumia mafuta ya mtungi.

Otis samahani sikuweka mambo yote. Mkubwa ni kijana wa miaka 11, wa pili ni msichana wa miaka 7. Gari hatuna. Pesa iko ya mtoto mmoja, ya wa pili ningeomba babao akate kwa sako. Ni Wendani ile ya Thika Road ndio. Na niko na mwingine wa mwaka mmoja na nusu, huyo sikumhesabu kwa sababu bado hasomi lakini lazima nimbebe popote tunaenda.

Otis_Donholm

MamaWawili uko na watoto watatu 😂

Sasa hesabu tufanye. Wendani mpaka tao, tao mpaka Karen, alafu boda ama mguu kutoka barabarani, wewe, wawili na mmoja mgongoni. Mara mbili kwa wiki. Saa ya msongamano mnatoka kumi na mbili asubuhi. Hio nauli peke yake kwa muhula inaweza kununua shamba la Shosh na mbuzi. Ukiwaacha huko unarudi Wendani ama unakaa Karen siku nzima unangoja?

MamaWawili_Wendani

Walisema wazazi wanaweza kungoja kwa mgahawa wao. Chai nimeona bei nikafunga ukurasa.

NyambuRongai

Basi hio iondoke kwa orodha. Kutoka kwako geti ya Karura ya upande wa Kiambu Road si mbaya, mnateremkia Muthaiga mnaunganisha. Sisi watu wa Rongai tunaumia zaidi na tunaenda. Siku zingine tukichoka na safari tunaenda Oloolua hapo Karen, njia ya msituni iko kwa wale wa utafiti wa nyani, kuna mianzi, kuna mafunjo, kuna pango, na Mto Mbagathi unapita hapo. Ni ndogo na imetulia, na mtoto wa mgongoni anaweza kutembea kidogo. Lakini kwako ni mbali, Karura inatosha.

Alafu kwa Karura kuna somo lingine mimi hupenda. Tukifika huwa nawaambia watoto wangu hapa pangekuwa nyumba za watu wakubwa saa hii. 1999 Wangari Maathai, yule mama mtetezi wa miti, alienda kupanda mti hapo kupinga msitu kunyakuliwa na akapigwa mpaka akaumia kichwa. Wa kwangu wa miaka tisa aliuliza, mti mmoja tu? Nikamwambia ndio. Tangu siku hio hataki mtu avunje tawi, ananichosha hata kuni za chini hatuokoti.

Bi_Mkunazini

MashaAllah mtoto huyo.

BabaTash

Na siku za watoto kuchoka na Karura muwapeleke matembezi ya kuangalia ndege wa porini. Nature Kenya hukutana makumbusho kila Jumatano asubuhi, watu wanakuja na darubini zao, mnaamua hapo mnaenda wapi. Mimi nilienda na Tash mara mbili. Nisiwadanganye, mara ya kwanza alikuwa na miaka saba akachoka baada ya saa moja, wazee wa ndege wanaweza kusimama chini ya mti mmoja nusu saa bila kuongea. Mara ya pili mzee mmoja alimwachia darubini akaona mnandi anakausha mabawa, mpaka leo akipita maji yoyote anatafuta mnandi. Kwa huyo wako wa 11 ingeweza kushika. Wa 7 sijui.

Kevo_wa_Baiske

bado nasema baiskeli

Mwalimu_K

Kijana wa 11 huyo amefika Chipukizi kabisa, au mwisho wa Sungura kutegemea kikosi. Mama usimnyime. Msichana wa 7 ni Sungura. Wote wawili Jumamosi moja, mahali pamoja, wewe unapumzika.

ShoshWaKinoo

Mwalimu hao sungura wanafugwa kwa kanisa? Mimi nilidhani mapadri hawapendi harufu.

Mwalimu_K

Shosh, Sungura ni jina la kikosi cha watoto 😅

ShoshWaKinoo

Aaa. Lakini sungura wa kweli pia si wabaya. Anabeba mimba mwezi mmoja tu, mtoto akihesabu siku kwa kalenda hesabu inaingia bila kiboko.

Otis_Donholm

Niko na sungura wa kuuza by the way, Donholm, majike wawili, weupe. Inbox.

Msimamizi

Otis, mauzo kwa ukurasa wa mauzo.

MamaWawili_Wendani (Jumatano usiku)

Nimerudi. Kwanza Mwalimu nilienda kuongea na wale wa skauti, kiongozi ni kijana mpole sana, wamesema waje Jumamosi. Lakini kuna kitu sikuwaambia hapa, huyu mkubwa ana pumu. Si mbaya sana, anatembea na pampu yake, lakini moshi na baridi ya asubuhi ndio humshika. Nimesoma vile umeandika kuwasha moto na kuni mbichi nikaogopa.

Otis_Donholm

Mama Watatu kila siku unatoa kitu kipya kwa mkoba 😂 kesho utatuambia mmoja ni samaki

Mwalimu_K

Hilo lilikuwa la kusema mwanzo lakini si tatizo. Mwambie kiongozi kwa mdomo na kwa maandishi, pampu ikae kwa mfuko wa mtoto mwenyewe na nyingine ya akiba kwa kiongozi, na wakiwasha moto yeye awe upande upepo unatokea. Nimekuwa na watoto wenye pumu kwa kikosi changu, mmoja alikuwa ndiye bingwa wa mafundo. Kulala kambini mwezi wa Julai ndio ningekuambia ungoje kwanza.

Bi_Mkunazini

Kuogelea ni kuzuri kwa wenye pumu, muulizeni daktari wake. Sisemi tena nimenyamaza.

NyambuRongai

Kama ni vumbi na moshi, msitu asubuhi baada ya mvua hauna vyote viwili. Njooni na sisi wiki ijayo bila kulipa mtu yeyote, muone.

MamaWawili_Wendani

Nyambu nitakutafuta inbox. Wale wa Karen niliwapigia nikauliza swali la Baba Tash, mvua ikinyesha mnafanya nini. Yule dada akasema "tunavaa makoti ya mvua tunaendelea," na hio jibu ilinifurahisha sana sitaficha, nikaomba niwalete siku moja waone kabla nilipe, akasema hakuna siku ya kujaribu, ni kulipa kwanza. Kwa hivyo sijui. Babao anasema tulipe ya huyu mkubwa peke yake, lakini huyo ndiye wa pumu, na wa 7 ndiye anapenda matope kuliko wote. Nikilipia mmoja mwingine atalia.

Na magunia, jana tulianza. Mkebe tulipata kwa jirani. Kumwaga mawe na kuvuta, kumwaga na kuvuta, walikuwa nje saa tatu nzima mpaka nikawaita chakula wakakataa. Huyu mdogo amekula mchanga kidogo. Lakini leo mwenye ploti amepita akasema ni vizuri, ila Novemba huenda akachimba msingi wa nyumba ingine hapo hapo, kwa hivyo tusipande miti.

ShoshWaKinoo

Gunia linahama. Ndio uzuri wake. Mtalisukuma mpaka kwa veranda mkiwa wawili, mkilimwagilia kidogo siku hio lisiwe zito.

BabaTash

Usilipe Karen. Ama lipa. Hio jibu la makoti ya mvua hata mimi limeniingia. Lakini kutoka Wendani…

Otis_Donholm

Ijumaa ni kesho kutwa mama, amua

MamaWawili_Wendani

Najua. Kwanza niambieni gambuti za watoto zinapatikana wapi bei ya mtu wa kawaida, popote nitakapoenda nitazihitaji. Madukani nimeona bei nikarudi nyuma.

Kevo_wa_Baiske

Gikomba. nenda Jumanne ama Ijumaa asubuhi mapema bale zikifunguliwa

NyambuRongai

Gikomba ndio lakini zikague ndani, weka mkono mpaka kwa vidole, zingine zimepasuka kwa unyayo hauoni mpaka uingie majini. Chukua namba moja kubwa uweke soksi mbili.

Bi_Mkunazini

Na uzigonge chini kila asubuhi kabla mtoto hajavaa. Nge hupenda kulala humo.

MamaWawili_Wendani

Nge Wendani?

ShoshWaKinoo

Mmeweka mawe ya ujenzi nyuma ya nyumba. Wako.

Otis_Donholm

Namba gani ya mguu? Dadangu anauza viatu za mtumba hapo Gikomba karibu na barabara ya Digo, naweza kumuuliza akuwekee.

MamaWawili_Wendani

Wa 11 ni namba 36, wa 7 ni 30. Na ya huyu mdogo kama iko, sijui namba yake, hajawahi kuvaa.